Swali la "Nikikosea Je?" na Sisi Tunaolea Watoto wa Watu

Jumapili iliyopita, baada ya kikao cha chama chetu cha wanawake wanaoendesha vituo vya kulea watoto hapa Kawangware, Nairobi, binti mmoja aliye mgeni kati yetu alibaki nyuma akijifanya anapanga viti. Ana kituo cha watoto tisa na kazi yenyewe ameianza mwaka huu. Wenzetu walipokwisha kutoka, aliniuliza bila kunitazama: "Mwalimu, mtu akiona kitu kwa mtoto, akaenda akasema, halafu ikawa amekosea, inakuwaje?"

Sikumjibu papo hapo, na nadhani kimya changu kilimtia hofu. Nimelea watoto wa watu kwa miaka 14. Katika miaka hiyo nimewahi kusema pasipostahili kusemwa, nimewahi kunyamaza pasipostahili kunyamazwa, na nimewahi kutoa taarifa iliyostahili kabisa, nayo ikaniuma kuliko zile mbili. Swali lake lilikuwa limenikalia rohoni muda mrefu kabla yeye hajalitamka. Ninaandika hapa kwa sababu najua wako wengine wanaolibeba peke yao. Umri wa watoto na mambo madogo madogo nimeyabadilisha, ili asiwepo mtu wa kunyoosheana kidole mtaani.

Asiyeijua kazi hii aelewe kwanza tunakaa karibu kiasi gani na watoto hawa. Akina mama wa mtaa wetu hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Wengi huenda kwa miguu hadi Lavington au Kileleshwa kutafuta kibarua cha kufua nguo, wengine hukimbilia soko la Gikomba kuchukua mitumba, na wengine wana meza ya mboga kando ya barabara. Humwacha mtoto na shilingi 100, chupa ya uji na nepi mbili, na huenda wasirudi hadi saa moja jioni. Muuguzi humwona mtoto siku ya chanjo, mwalimu wa shule humwona akiwa tayari amevaa sare, lakini sisi ndio tunaomwogesha, tunaombadilisha, tunaomlaza mchana na kumsikia anachosema usingizini. Baada ya mzazi, hakuna mtu mzima anayeujua mwili wa mtoto huyo kama sisi, na kwa sababu hiyo macho yetu yanapoona jambo, huwa vigumu kudai kwamba hayakuona.

Kosa langu la kwanza lilihusu mtoto wa miezi mitano. Nilipomfungua nepi siku yake ya kwanza nililiona baka la rangi ya bluu juu ya makalio, pana kama kiganja changu. Nilikuwa nimesikia kwenye mafunzo fulani kwamba ni nadra mtoto ambaye hajaanza kutambaa kujigonga mwenyewe, na kwamba alama ya jeraha kwa mtoto wa umri huo haipuuzwi. Hilo ni kweli na bado nalishika. Ila hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya bluu au ya kijivu kiunoni na makalioni, ambayo hayaumi, hayabadiliki rangi siku kwa siku kama jeraha linavyobadilika, na hufifia yenyewe mtoto anapokua. Nilimwendea mzee wa mtaa. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa na habari, na kesho yake tulipofika zahanati, muuguzi alimgeuza mtoto, akatazama, akatueleza kwa muda usiozidi dakika moja.

Mama mtoto alikuwa na umri wa miaka 19. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo uliona mimi naweza?" Nilimwomba radhi pale pale na nikamwomba tena baadaye, na hata leo tunasalimiana, lakini mtoto hakurudi kwangu. Nilipolitafakari jambo hili baada ya miaka, niliona kwamba shaka yangu haikuwa dhambi. Nilichokosea ni mtu niliyempelekea. Laiti ningeanzia zahanati kwa utulivu, mimi na mama yake na muuguzi, lingeishia katika chumba kile. Wakati huo, hata hivyo, sikuliona hivyo. Nilichobaki nacho ni aibu, na aibu ile ndiyo iliyonifunga mdomo mara ya pili.

Mara ya pili alikuwa mvulana wa miaka mitatu aliyeletwa miguu yote miwili ikiwa imefungwa bendeji. Mama alisema alikanyaga ndani ya karai la maji moto. Nilipombadilisha bendeji niliona ngozi ilivyoungua: miguu yote miwili, hadi juu kidogo ya kifundo, kwa mstari ulionyooka kama mtu aliyevaa soksi. Maji yakimmwagikia mtoto huchirizika na kuacha alama zisizolingana. Mtoto akikanyaga maji moto kwa bahati mbaya huutoa mguu mara moja, na ni nadra kuungua yote miwili sawasawa. Siku ile sikuwa na maneno haya ya kulielezea, lakini tumbo langu lilijua. Nikajipa kila sababu. Nikajiambia kwamba katika chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na karai viko hatua moja kutoka kwa kila kimoja, watoto huungua kila wiki bila mkono wa mtu yeyote, na huo pia ni ukweli. Nikajiambia kwamba mama yule ni mpole. Nikamkumbuka yule msichana wa miaka 19. Nikangoja nione kama litatokea jambo lingine, na baada ya wiki tatu mtoto akapelekwa ushago, kijijini kwa nyanya yake, na habari zake zikaishia hapo.

Sijui kama ilikuwa ajali. Huenda ilikuwa ajali. Nimewahi kumwomba Mungu iwe ilikuwa ajali, ombi ambalo halina maana kwa jambo lililokwisha kutokea, na bado naliomba.

Tunapozungumza katika chama, hisia ambazo wenzangu huzitaja kwanza ni woga na njaa, nami siwalaumu. Ukimtolea mtu taarifa Kawangware, huyo ni jirani yako; mnachota maji kwenye mfereji mmoja, na madirisha yako hayana vyuma. Wengi wanaamini kwamba aliyeshitakiwa asubuhi atarudi jioni na wewe utabaki naye mtaani. Halafu kuna kodi. Familia tatu zikiondoa watoto kwa hasira, mwezi huo mwenye nyumba halipwi. Nimesikia watu wenye mishahara wakisema katika semina kwamba mwanamke anayependa watoto hatajiuliza mara mbili, na kauli hiyo hunikasirisha sana. Wanaojiuliza mara mbili ndio wanaobeba gharama yote, na wanaobeba gharama yote wana haki ya kutetemeka.

Lakini kuna hisia mbili ambazo ilituchukua muda mrefu kuzitaja. Ya kwanza ni mapenzi yetu kwa mama wa mtoto. Huyu ni mtu aliyenikopesha unga. Ni mtu ambaye ameniachia kiumbe anachokipenda kuliko vyote kwa sababu ananiamini, na ninapopiga simu ninaona kana kwamba ninaichukua imani hiyo na kuigeuza kisu. Ya pili inahusu utoto wetu wenyewe. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa nchini mwaka 2010, ulionyesha kwamba takribani wasichana 3 kati ya 10 na wavulana karibu 2 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba thuluthi mbili ya wasichana na karibu robo tatu ya wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini. Kikao chetu kina wanawake 12. Sihitaji kumuuliza mtu ili nijue maana ya takwimu hizo katika chumba chetu. Wapo miongoni mwetu ambao, wakiona alama kwenye mgongo wa mtoto, huona nyumba walimokulia, na hapo mtu huweza kufanya mojawapo ya mambo mawili: kuona hatari mahali pasipo na hatari, au kusema kwamba sisi sote tulipigwa na tukakua.

Kauli hiyo ya pili ndiyo inayonipa kazi zaidi. Tumelelewa na methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye, na ukimgusia mtu habari ya fimbo atakutolea hiyo kabla hujamaliza sentensi. Hata sheria yetu ya watoto ya mwaka 2001 ilikuwa imemwachia mzazi nafasi ya kutoa adhabu ya kiasi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikaja kusema kwamba hakuna mtu atakayepewa adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 kikampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kudhulumiwa na kutelekezwa. Mtaani, bado tuko mwaka 2001 au nyuma zaidi. Mlezi anayeripoti mtoto aliyepigwa huambiwa kwamba anaingilia malezi ya nyumba ya mwenzake, na mara nyingi anayemwambia hivyo ni mwalimu mwenzake wa kituo cha pili.

Mara ya tatu ilikuwa hiyo hasa. Mvulana wa miaka minne alikataa kulala chali wakati wa usingizi wa mchana. Nilipomvua fulana kwa sababu ya joto niliona alama mgongoni na nyuma ya mapaja: mistari miwili miwili iliyokwenda sambamba na kupinda mwishoni kama kitanzi. Waya uliokunjwa huacha alama ya namna hiyo. Nyingine zilikuwa mbichi na nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi. Kabla sijamuuliza lolote alisema, "Nilianguka." Nikamuuliza aliangukia wapi. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, na mara ya tatu nikamtajia baba yake wa kambo, ndipo akaanza kulia. Sijivunii hilo. Mtoto akihojiwa mara nyingi hujifunza jibu analotaka mtu mzima, na jina likitoka kinywani mwangu kwanza, ushahidi wake huharibika. Ilinipasa nimwambie kwamba hajafanya kosa, nimsikilize anachotaka kusema, na niyaandike maneno yake jinsi alivyoyasema. Niliandika baadaye, katika daftari la hesabu za uji, tarehe, saa, alama zilikuwa wapi na zilikuwa na umbo gani.

Usiku ule sikulala. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake jioni kama kawaida, nikatabasamu, nikapokea shilingi 100, na noti ile ilinichoma mkononi. Naisimulia hii kwa sababu hakuna aliyenitahadharisha kuhusu saa zile za katikati, baada ya kujua na kabla ya kutenda, ambapo unaona kana kwamba wewe ndiwe mwongo wa nyumba nzima. Asubuhi, kabla watoto hawajafika, nilipiga 116. Nambari hiyo ya huduma kwa watoto haitozi malipo na hupokelewa saa 24. Aliyenipokea hakunitaka nithibitishe chochote. Aliniuliza nimeona nini, mtoto yuko wapi sasa, nani anaishi naye, na kama kuna hatari ya leo hii. Kisha akaniunganisha na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yetu.

Kuna neno moja katika sheria ambalo lilinitua mzigo nilipolielewa. Sheria inazungumzia mtu mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi. Sababu ya kuamini ni kitu kidogo kuliko ushahidi, na kuutafuta ushahidi ni kazi ya wengine: daktari anayejaza P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, polisi wanaoandikisha jambo hilo katika kitabu chao cha matukio na kukupa nambari yake, ile ya OB, afisa wa watoto, na mwisho wa yote mahakama. Kwa miaka mingi nilidhani natakiwa kuwa hakimu kabla ya kuinua simu. Walimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu walipewa waraka mwaka 2010, unaowataka waripoti dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi katika muda wa saa 24, na anayeficha anaweza kuadhibiwa. Sisi wa vyumba vya mabati hatuna waraka wetu. Wakaguzi wanapokuja kwangu huuliza kuhusu choo, madirisha na cheti cha afya, mambo ambayo ni ya lazima na ninayaheshimu, lakini katika miaka 14 hakuna aliyeniuliza kama najua nitakalofanya nikiona mgongo kama ule.

Mama mtoto alikuja siku mbili baadaye, baada ya afisa kufika kwao. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi. "Mwalimu," akasema, "ungeniambia mimi kwanza." Alipoinyoosha mikono kumchukua mwanawe, mkono wa gauni ulipanda, nikaona kwenye ngozi yake alama ya aina ile ile, mistari miwili na kitanzi.

Nimelirudia neno lake mara nyingi. Ninajua kwa nini sikumwambia kwanza: mtoto anayeumizwa na mtu wa nyumbani huweza kufichwa usiku huo huo, au kupigwa tena kwa kusema, na mama mwenyewe anaweza kuumia. Kwa jambo kama lile bado ningefanya nilivyofanya. Lakini kujua kwamba ulifanya sawa hakuondoi uchungu wa kumsaliti mwanamke ambaye naye alikuwa anapigwa, na nadhani makosa yetu huanza pale tunapotarajia kwamba uamuzi sahihi utaleta amani moyoni. Mimi haukuniletea. Watoto watatu waliondolewa kwangu mwezi ule. Nililipa kodi kwa mkopo wa chama. Yule mwanamume aliitwa, na mengine yaliyofuata si yangu kuyasimulia, na kusema kweli mengi sikuambiwa. Naelewa kwamba maafisa wanatunza siri ya mtoto, na wanapaswa kuitunza. Hata hivyo, wangempa mlezi sentensi moja tu, kwamba taarifa yako tumeipokea na tunaishughulikia, ingewasaidia wengi kupiga simu ya pili siku nyingine.

Baada ya wiki mbili mama alimhamisha mvulana kwenye kituo kingine, ng'ambo ya barabara. Hili ndilo nililokuwa nimeliogopa kuliko yote, kwamba nikisema nitampoteza machoni pangu. Ila mwenye kituo kile ni mwanachama wetu. Huniambia tu kwamba amekuja, amekunywa uji vikombe viwili, amelala chali.

Kutokana na hayo tulibadilisha mambo machache katika chama. Kila kituo kina daftari lake sasa, linalokaa mahali pasipofikiwa na wageni. Ukiona jambo, unamwita mwenzako mmoja, na mmoja tu, aje atazame pamoja nawe, kwa sababu macho mawili yenye hofu huona vibaya. Hatuanzii kwa mzee wa mtaa, na hatukubali familia mbili kuketi na kumaliza jambo kinyumbani kwa mbuzi au kwa pesa. Katika makosa ya kingono, sheria ya mwaka 2006 haiwapi wazee wala jamaa mamlaka ya kuamua kwamba kesi iishe. Huko pia saa zina thamani kubwa, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na nguo za mtoto hazifuliwi. Huwekwa katika karatasi ya kaki, si katika plastiki. Mwenzetu anaposema kwamba polisi hawatafanya kitu, sisi humkumbusha juu ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Meru ya Mei 2013, ambayo ilisema kwamba polisi waliopuuza kuchunguza malalamiko ya wasichana walionajisiwa walikuwa wamevunja haki zao za kikatiba. Hukumu haimwamshi kila askari aliyelala, lakini mtu anayeijua husimama kwenye meza ya ripoti kwa namna nyingine.

Basi jioni ile nilimjibu yule binti. Nilimwambia kwamba nimewahi kukosea, nikamsimulia habari ya baka la bluu na ya msichana wa miaka 19. Nikamwambia kwamba kosa lile lilikuwa na mtu wa kuombwa radhi, na nikamwomba. Kisha nikamsimulia habari ya miguu ile miwili, ambayo hadi leo sina wa kumwomba radhi kwa ajili yake. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kiti. Nikamuuliza alichokiona. Akanieleza kwa sauti ya chini, na nilipomwambia twende nikatazame pamoja naye, alisema mwenzetu mwingine amekwisha kutazama, tangu Ijumaa, na ameandika.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, kibanda cha chapati kikiwa kimekwisha kufungwa. Aliwasha simu akasema hana salio, nikamwambia haihitaji. Simu ikaita mara mbili. Mtu wa upande wa pili alipomuuliza mtoto ana umri gani, binti alinitazama, akavuta pumzi, akaanza kusema.